Ndoana Penye Matete

Mto Wami, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Bagamoyo, hupita katika nchi tambarare. Masika yakiwa mazito maji hufurika kingo, na yanapopungua huacha madimbwi yaliyozungukwa na matete na mayungiyungi. Mvuvi wa sehemu za Mkange hana haja ya kuambiwa kwamba samaki hukaa penye majani. Humo mna wadudu na mwani wa kula, mna kivuli, na mna maficho. Lakini hapo penye samaki ndipo penye hasara: ndoana hunasa, mshipi hukatika, na mara nyingine mtu huingia majini kuinasua, ilhali Wami ni mto wa mamba na viboko.

Hasara hiyo hupungua mvuvi akijiuliza maswali mawili kabla ya kuchagua zana. La kwanza: samaki anayetafutwa hukitambua chakula chake kwa mlango gani wa fahamu? La pili: mshipi utapata nguvu gani ukizunguka shina la tete?

Kwa swali la kwanza, mfano mzuri uko Kenya. Mwaka 1929 Ziwa Naivasha lilipandikizwa samaki aitwaye besi, mwenye mdomo mpana, aliyetoka Marekani. Besi huwinda zaidi kwa macho. Hujibanza ukingoni mwa majani, akavizia kiumbe kinachopita, kisha akakirukia. Pia huhisi mitikisiko ya maji kwa mstari wa ubavu, yaani safu ya vinyweleo vya fahamu iliyo kwenye mbavu zake. Kwa hiyo huvuliwa kwa chambo bandia, kwa mfano chura wa mpira anayeelea, ambaye ncha za ndoana zake zimelala juu ya mgongo wake. Chura huyo huburutwa juu ya majani bila kunasa. Samaki akimbana, mpira hubonyea na ncha hujitokeza. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini umetengenezwa kwa ajili ya samaki mwenye kuona.

Kambale wa madimbwi ya Wami ni kiumbe wa namna nyingine. Macho yake ni madogo, naye hutafuta chakula zaidi usiku, mara nyingi katika maji yenye tope. Ana sharubu nane zenye vionjio vingi, na hata ngozi yake isiyo na magamba huonja. Juu ya matamvua yake pana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Jambo hili lina maana kubwa penye majani mazito, kwa sababu usiku mimea haifanyi usanisinuru bali hupumua tu, na karibu na alfajiri oksijeni ya majini huwa imepungua sana. Samaki wengine hutaabika. Kambale huenda juu, akagugumia hewa, akarudi chini.

Basi kambale hutongozwa kwa harufu: minyoo, matumbo ya kuku au vipande vya samaki. Harufu huchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo si lazima kuitupa ndoana katikati ya matete. Ni afadhali itulie mahali peupe, upande wa juu wa mkondo, ili harufu iteremke hadi kwenye majani na samaki aifuate kutoka humo. Perege hana haja ya maelezo marefu: mdomo wake ni mdogo, hula mwani na masalia ya mimea, na tonge dogo la ugali kwenye ndoana ndogo yenye boya, mchana, ukingoni mwa majani, humtosha.

Swali la pili ni la fizikia. Nahodha anayefunga jahazi huizungusha kamba kwenye nguzo mara mbili au tatu, kisha huishika ncha yake kwa mkono mmoja, na jahazi zima halimshindi. Kila mzunguko huzidisha msuguano. Mshipi uliozungushwa kwenye tete hufuata kanuni hiyohiyo, ila safari hii samaki ndiye aliye upande wa nahodha. Na ichukuliwe kwamba kizigeu cha msuguano kati ya mshipi na tete ni 0.3, na kwamba kambale anavuta kwa nguvu ya nyutoni 20. Nusu ya mzunguko humlazimu mvuvi avute kwa nyutoni 51 hivi. Mzunguko mmoja kamili huhitaji 132, na mshipi wa kuhimili kilo 10, yaani nyutoni 98, hukatika. La ajabu ni kwamba unene wa tete hauingii katika hesabu: ujiti mwembamba huzuia sawa na gogo, mradi usivunjike.

Shuleni jambo hili hupimwa kwa mpini wa ufagio, uzi, jiwe na mizani ya springi. Jiwe lining'inizwe, uzi uzungushwe nusu, mara moja, kisha mara mbili, na kila mara isomwe nguvu inayoanza kulipandisha. Usomaji hauongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha.

Kutokana na hayo, penye matete hufaa mshipi mnene na mfupi, na ufito mgumu wa mwanzi. Samaki akishanasa ainuliwe juu mara moja, asipewe nafasi ya kuzunguka. Ufito mlaini unaopindapinda ni mzuri penye maji meupe. Hapa humpa kambale wakati anaouhitaji.

Kinachonasa mara nyingi si ndoana bali chubwi. Hilo lifungwe kwa uzi dhaifu wa pamba, ili likishikwa na mizizi likatike lenyewe na mshipi urudi. Chubwi laweza kuwa jiwe lililotobolewa, na jiwe si kitu cha kumwingiza mtu majini penye mamba. Uzi wa pamba huoza. Lakini mshipi wa nailoni uliokatika hukaa matetени miaka mingi, ukiwanasa ndege na kasa wa maji baridi, kwa hiyo kipande chochote kinachofikika kutoka ukingoni huvutwa na kurudishwa nyumbani.