Mpira Unahamishwa, Jembe Halihamishwi

Mchezaji wa gofu akikuta mpira wake umetua karibu na nyoka, hana haja ya kujifanya jasiri. Kanuni ya 16.2 ya mchezo huo inamruhusu kuuacha pale pale, achukue mwingine na kuendelea kutoka mahali salama, bila kuongezewa pigo la adhabu. Afrika Mashariki ililiona hilo mapema. Klabu ya Nyanza, Kisumu, ilijiwekea kanuni kuhusu viboko na mamba. Jinja, Uganda, mpira uliodumbukia kwenye unyayo wa kiboko uliruhusiwa kuokotwa kwa mkono.

Kiboko hafuati gofu, anafuata majani. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kwenda kula, na midomo yake mipana hupenda majani mafupi na laini. Uwanja unaomwagiliwa hata kiangazi, tena kando ya ziwa, kwake ni meza iliyokwisha kuandaliwa.

Kwetu Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, kinachowaingiza watu majanini si gofu bali ni jembe, kuni na mifugo. Viboko na mamba wako bondeni, kwenye mto Malagarasi na ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Huku juu, kwenye mahindi, maharage na misitu ya miombo, hatari iko chini ya miguu, na kwa maoni yangu nyoka wa kuogopwa kuliko wote ni kifutu.

Najua wengi watamtaja koboko. Sumu yake hushambulia neva hadi pumzi ikasimama, na asiyetibiwa haraka hufa. Lakini koboko akisikia vishindo, mara nyingi hutoroka. Kifutu hatoroki. Ni mnene, mzito, na mgongo wake una michirizi yenye umbo la V katika rangi za majani makavu na udongo. Hujilaza akiotea panya, na usalama wake wote ni kutulia asionekane. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walionyesha kwamba hata mbwa, kwa pua zao zote, walishindwa kumtambua kwa harufu. Sasa mpalizi aliyeinama, au mama anayepeleka mkono chini ya gogo akiokota kuni nje ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, atamjuaje? Pengine atasikia ule mfoko mzito wa pumzi, pengine hatasikia kitu.

Sumu ya kifutu huharibu nyama yenyewe. Mguu huvimba, hutoka malengelenge, ngozi hugeuka nyeusi, na wapo wanaopona wakiwa wamekatwa mguu. Kwa mkulima, huo ni msimu uliopotea, na pengine ada ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao watu wa vijijini. Hata hivyo, mwaka 2014 kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotibu sumu za nyoka wengi wa Afrika, kwa kuwa haikuwa na faida. Uamuzi huo unanikera hadi leo. Mchezaji amewekewa kanuni ya kumwepusha na nyoka. Mkulima hawezi kulihamisha shamba, na dawa yake ikaondolewa sokoni.

Basi tuwadai viongozi wetu dawa ya sumu ya nyoka iwepo hospitali za wilaya, si mikoani tu. Nawe uvae mabuti shambani, upige majani kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, na usiku utembee na tochi. Ukiumwa, usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba ya kubana damu, wala usipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Vua pete na viatu kabla ya uvimbe, tuliza kiungo kisitikisike, ubebwe hospitali saa hiyo hiyo.