Je, Wajua? Jina la Babu Limo Daftarini

Je, wajua kwamba rekodi ya ubatizo ya Kanisa Katoliki inaweza kusimulia karibu maisha yote ya mtu? Pembeni mwa jina lake parokia huongeza kipaimara na ndoa. Kwa mfano, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, alibatizwa mwaka 1943.

Je, wajua kwamba majina matatu ni vizazi vitatu? Huyo Julius ndiye Kambarage, mwana wa Nyerere, na Nyerere ni mwana wa Burito. Fuata majina hayo hivyo hivyo unapotafuta ukoo wako.

Je, wajua kwamba mipaka hubadilika? Wilaya ya Butiama ilimegwa kutoka Musoma Vijijini, na Jimbo Katoliki la Bunda liliundwa mwaka 2010. Cheti cha zamani cha mzaliwa wa Butiama huenda kimeandikwa Musoma.

Je, wajua kwamba Waingereza wana tovuti ya FreeBMD, ambako fahirisi za vizazi, ndoa na vifo tangu mwaka 1837 husomwa bure? Kwetu Tanzania, mfumo wa eRITA wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini hupokea maombi ya vyeti mtandaoni. Lakini enzi za ukoloni usajili haukuwa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo kwa mababu zetu wengi daftari la parokia na kumbukumbu za wazee ndilo tegemeo.

Waulize wazee wako leo, uandike majina, vijiji na miaka, kisha uende parokiani.