Nyumba Ruziba: Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaotumia barabara ya Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac kwenda Kigoma wana sababu ya kuvutiwa na Ruziba. Eneo hilo liko kusini mwa Bujumbura, kati ya Ziwa Tanganyika na vilima, kwenye njia ya Barabara ya Kitaifa namba 3. Mwenye nyumba huko anaweza kupakia alfajiri na kuelekea mpaka wa Mugina na Manyovu bila kukatiza jiji.

Hata hivyo, kwa mfanyabiashara fedha ya nyumba mara nyingi ni ile ile ya kununulia mzigo. Ikizama katika nyumba inayoingia maji au yenye kesi, biashara nayo husimama. Kwa hiyo ziara ya kukagua nyumba si ya kuangalia rangi na vigae tu.

Maji kwanza

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kilicholinganishwa na kile cha mwaka 1964. Nyumba, hoteli na maghala ya kando ya ziwa yaliingiliwa na maji. Yaliyotokea mara mbili yanaweza kutokea tena.

Mnunuzi aangalie alama ya maji kwenye kuta za nje na za majirani. Rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu ya ukuta ni jambo la kuulizia. Afunue shimo la choo: likiwa limejaa maji wakati wa kiangazi, basi maji ya ardhini yako karibu. Ni vizuri kwenda mara mbili, mara ya pili baada ya mvua kubwa.

Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika, na mita 25 kwa mito inayoingia katika ziwa hilo. Muuzaji akisema "ziwa liko mbali", mnunuzi apime. Nyumba iliyo ndani ya ukanda huo inaweza kubomolewa, hata kama ina karatasi.

Kwa upande wa vilimani hatari ni mmomonyoko. Mito ya Bujumbura hula kingo zake kila msimu wa mvua, na kiwanja hupungua.

Ukuta, paa na lori

Ufa mwembamba wa plasta si tatizo kubwa. Ufa unaokata tofali kwa mshazari, hasa pembeni mwa dirisha au mlango, ni dalili kwamba msingi unazama. Mnunuzi akwaruze plasta sehemu iliyofichika ajue kama ni tofali za kuchoma au mbichi, kwani za mbichi hazivumilii maji. Aingie pia darini kuangalia mbao na matundu ya mabati.

Afungue bomba na kuwasha taa, kisha aombe bili za mwisho za REGIDESO. Kwa msafirishaji, apime upana wa lango na aone kama lori linaweza kugeuka bila kuziba njia ya majirani.

Karatasi na watu

Hapa ndipo wengi huumia. Vita na ukimbizi wa mwaka 1972 na 1993 viliacha mali nyingi zikigombewa. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, ilifanya kazi hiyo kuanzia 2006 hadi 2022. Kwa sababu hiyo, swali la msingi ni muuzaji aliipataje nyumba, na aliyekuwa nayo kabla yake ni nani.

Hati ya ardhi ihakikiwe katika ofisi ya Hati za Ardhi yenyewe, si kwa nakala aliyoleta dalali. Ofisi hiyo pia huonyesha kama nyumba imewekwa rehani benki. Kama ni ya urithi, warithi wote wakubali kwa maandishi. Kama muuzaji ana mke au mume, naye asaini. Majirani na mkuu wa mtaa waulizwe bila dalali kuwapo.

Aidha, sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na kubadili mipaka ya tarafa. Jina la tarafa kwenye karatasi za zamani laweza kutofautiana na la sasa, kwa hiyo namba ya kiwanja ndiyo ya kulinganisha.

Mnunuzi kutoka Tanzania, Kongo au Kenya akumbuke kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, imeacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Amuone notari kabla ya kutoa hata malipo ya awali.

Baada ya hayo ndipo bei izungumzwe. Gharama ya kuinua sakafu, kujenga ukuta wa kuzuia maji au kubadili paa ijumlishwe kwenye bei. Nyumba ya bei rahisi ikihitaji matengenezo hayo yote, yaweza kuwa ghali kuliko ya jirani.