Lisemwalo Lipo? Ukweli Kuhusu Kuitwa Chuoni Mapema

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kila mwaka ifikapo muhula wa tatu, mabwenini hakukosi maneno. Eti fulani ameitwa Harvard hata kabla ya kumaliza KCSE! Eti kuna nafasi za siri zinazogawanywa mapema! Eti ukituma maombi Novemba huwezi kunyimwa! Je, haya yote ni kweli? Hebu tupepete, tuone mchele ni upi na pumba ni zipi.

Kwanza, kuitwa mapema ni nini? Vyuo vikuu vingi vya Marekani vyenye ushindani mkali hupokea maombi kwa awamu mbili. Awamu ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba, na majibu hutoka kama katikati ya Desemba. Awamu ya kawaida hufungwa mapema Januari kwa vyuo vingi, na majibu hutoka kama mwishoni mwa Machi. Tarehe hizi hutangaziwa kila mtu. Siri iko wapi hapo?

Awamu ya mapema nayo ina milango miwili. Mlango wa kwanza una kifungo. Ukitia sahihi, chuo kikikukubali ni lazima uende, na maombi ya kwingine uyaondoe. Columbia, Brown na Cornell hutumia mlango huu. Mlango wa pili hauna kifungo. Ukikubaliwa, unaweza kungoja majibu ya vyuo vingine kabla ya kuamua. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hutumia huu, ila kwa kawaida hawataki utume maombi ya mapema kwa vyuo vingine vya kibinafsi vya huko.

Sasa tuje kwa uvumi wenyewe. Kwamba anayetuma mapema hanyimwi, hilo lina chembe tu ya ukweli. Mwaka 2003, Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha kitabu kuhusu jambo hili. Waligundua kwamba kutuma mapema kulimfaa mwombaji kana kwamba ameongezewa alama 100 hivi katika mtihani wa SAT, ambao wakati huo alama zake zote zilikuwa 1600. Lakini kufaidika si kuhakikishiwa. Miongoni mwa wanaopita mapema wamo wanariadha waliokwisha kutafutwa na makocha, na watoto wa watu waliosomea hapo. Wengine wengi huambulia patupu.

Na zile nafasi za siri? Vyuo vinane vya Ivy League vinaruhusiwa kuwaandikia wachache, hasa wanamichezo, barua ya kuwadokezea kwamba watakubaliwa, hata kabla ya siku ya majibu. Nadhani uvumi ulizaliwa hapo. Barua hiyo huwezi kuinunua. Akija dalali akakwambia atakuuzia nafasi, jamani, mfukuze!

Uvumi wa tatu ndio uliomwumiza ndugu yetu mmoja aliyemaliza hapa shuleni. Alituma maombi mapema, na Desemba akaandikiwa kwamba ombi lake limeahirishwa. Huku kwetu, mwanafunzi akiahirisha masomo ya chuo huwa nafasi tayari anayo, ila ataanza baadaye. Basi nyumbani wakashangilia, na mbuzi akachinjwa. Kumbe maana ilikuwa nyingine kabisa! Ombi lilikuwa halijakubaliwa wala kukataliwa. Lilisukumwa tu likashindane na ya awamu ya kawaida. Kwa kuwa alijiona amepata, hakutuma ombi kwingine Januari. Machi akajibiwa la. Mwaka mzima ukampita hivyo hivyo.

Liko pia suala la karo. Aliyejifunga kwa chuo kimoja hawezi kulinganisha msaada wa vyuo viwili au vitatu. Kwa sababu hii mwaka 2006 Harvard na Princeton walitangaza kwamba wanaacha maombi ya mapema, wakisema yanawafaa zaidi wenye uwezo. Mwaka 2011 wakayarudisha, bila kifungo. Chuo chenye kifungo kwa kawaida humwachilia mtu ambaye msaada aliopewa haumtoshi, lakini ni heri kuuliza kabla ya kutia sahihi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kulipa hata kwa mwombaji mgeni. Vyuo vingi vingine huangalia.

Wenzangu wa kidato cha nne, kumbukeni pia kalenda yetu. Novemba mosi mtahiniwa wa KCSE huwa yumo katikati ya mitihani. Matokeo ya mwaka 2023 na ya 2024 yalitangazwa Januari iliyofuata, majibu ya mapema ya Marekani yakiwa yameshatoka. Si aibu kumaliza mtihani kwanza, kisha kutuma maombi mwaka unaofuata ukiwa na matokeo mkononi.

Kwa hivyo, ukisikia lisemwalo, usikimbilie kuchinja mbuzi. Uliza maswali matatu: Je, ombi hili lina kifungo? Karo italipwa na nani? Na barua hii, neno kwa neno, inasema nini? Mpe mwalimu aisome nawe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.