Udogo wenye hesabu: magari ya mfano na kiambishi ka-

Mjomba wangu alipokuja likizo kutoka Ubelgiji, aliniletea sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya lori. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki zaidi ya mia moja, karatasi ya maelezo na matairi ya mpira. Nilijenga lori hilo jioni, baada ya masomo, kwa muda wa miezi mitano. Kila alipopita karibu na meza, shangazi yangu aliniuliza: «Kale kamotokari kalikwisha?» Nilimjibu kwamba bado, lakini neno kamotokari lilinisumbua. Halikuwa na kosa lolote. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kitu cha sentimita ishirini na tano kinachofanana na motokari ni kamotokari. Hata hivyo, nilihisi kwamba neno hilo lilitaja nusu tu ya kitu kilichokuwa mezani.

Katika makala hii nitaeleza kazi ya kujenga magari na malori ya mfano, ambayo watu wengi duniani huifanya kwa kujifurahisha. Kisha nitaonyesha kwa nini kazi hiyo inatuhusu sisi tunaosoma lugha.

Neno moja, vitu vitatu

Shangazi angeweza kuita kamotokari vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni kichezeo kinachouzwa sokoni, ambacho mtoto anakivuta, anakigonga na kukisahau. Cha pili ni gari la waya, ambalo watoto wa Katanga hujitengenezea wenyewe. Cha tatu ni gari la mfano, au makete, kama tunavyosema kwa kufuata Kifaransa. Vyote vitatu ni vidogo. Lakini ni cha tatu tu ambacho udogo wake umefungwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo skeli.

Skeli ni kama ahadi: kila kipimo cha gari la kweli kimegawanywa kwa namba ileile. Tukisema 1/24, gari lenye urefu wa mita 4,80 linakuwa sentimita 20. Usukani wenye upana wa sentimita 36 unakuwa milimita 15. Kitasa cha mlango cha sentimita 12 kinakuwa milimita 5. Lori la mita 16,50 pamoja na trela yake, ambao ndio urefu wa kawaida unaoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya, linakuwa karibu sentimita 69 na kujaza meza. Katika 1/87, skeli inayotumiwa sana na wajenzi wa reli ndogo, lori hilohilo linakuwa sentimita 19.

Urefu ukigawanywa kwa 24, eneo linagawanyika kwa 576, na ujazo kwa 13.824. Kwa hiyo gari la kilo 1.500, kama lingetengenezwa upya kwa vifaa vilevile katika 1/24, lingekuwa na gramu 108 tu. Tuikumbuke namba hiyo, kwa sababu baadaye itatusumbua.

Namba zilitoka wapi

Mtu anayeanza hujiuliza kwa nini 24 au 43, na si 20 au 50. Jibu ni kwamba namba hizi zina historia, kama maneno yalivyo na etimolojia.

Skeli ya 1/24 ilitoka katika vipimo vya Kiingereza: nusu inchi kwa kila futi. Futi ina inchi 12, na ndani yake mna nusu inchi 24. Skeli ya 1/43 ilitoka kwenye reli ndogo. Waingereza walihesabu milimita 7 kwa kila futi. Futi ni milimita 304,8, na ukigawa kwa 7 unapata 43,5. Magari ya chuma ya Dinky Toys, yaliyotengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool, yalianza katika miaka ya 1930 kama mapambo ya reli za namna hiyo. Reli zilipungua, lakini namba ilibaki.

Huko Marekani, skeli ya 1/25 ilienea kupitia magari madogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya maduka ya magari, ili mteja aone umbo na rangi za gari jipya. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ilianza kuuza masanduku ya vipande ambayo mnunuzi aliweza kuyajenga kwa namna tatu tofauti, na kazi hii ikapata wapenzi wengi. Skeli ya 1/35, inayotumika sana kwa magari ya jeshi, ilitoka Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ilitengeneza kifaru kikubwa vya kutosha kubeba injini ndogo na betri ndani yake. Walipokipima baada ya kazi, kilikuwa karibu na 1/35. Betri ndiyo iliyochagua skeli.

Kuna pia mfano wa kinyume. Magari ya Matchbox, yaliyotolewa na kampuni ya Lesney ya London kuanzia mwaka 1953, yalipimwa kwa kisanduku chao. Inasimuliwa kwamba shule ya binti wa Jack Odell, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, iliruhusu watoto kuleta tu kichezeo kinachoingia katika kisanduku cha kiberiti. Basi na gari la abiria viliingia katika visanduku vilivyolingana, kwa hiyo kila kimoja kilipunguzwa kwa namba yake. Ukiviweka pamoja, basi ni dogo mno. Huo ni udogo usio na skeli moja, na unafanana sana na udogo wa kiambishi chetu.

Kutoka kipande hadi lori

Vipande havitoki kwenye sanduku vikiwa huru. Vinashikwa na fremu ya plastiki kwa vikonyo, kama matunda kwenye tawi. Mjenzi anakata kikonyo kwa koleo ndogo, anaondoa kibaki kwa wembe, kisha anasugua kwa msasa, akianza na namba 400 na kuendelea hadi 1000 au zaidi. Anasugua pia mistari iliyoachwa mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Mashimo yanajazwa kwa mastiki, kama wanavyofanya watengeneza bodi katika gereji zetu.

Kwenye malori, kazi kwa kawaida huanza na shasi, kisha springi, ekseli, injini, na mwisho kabini. Jambo kubwa ni kutopinda shasi. Ikipinda nusu milimita, gurudumu moja litabaki hewani.

Gundi ni za aina mbili. Ya kwanza huyeyusha plastiki, pande mbili zikawa kitu kimoja. Ya pili ni ile ya kuganda haraka, inayouzwa katika kila duka dogo. Mvuke wake unaweza kuacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Mimi nilibandika kioo cha mbele kwa gundi hiyo, na asubuhi nikakikuta kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nilikisugua na kukipaka vanishi siku mbili ndipo kikaona tena. Kwa vioo ni afadhali gundi nyeupe ya karatasi, ambayo ikikauka inakuwa angavu.

Baada ya hapo inakuja rangi ya msingi, rangi yenyewe katika matabaka membamba, na vibandiko vya maandishi vinavyolowekwa katika maji.

Pale skeli inapodai haki yake

Hapa ndipo makete inapoachana na kichezeo. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0,1 linaonekana si kitu. Katika 1/24 ni sawa na kupaka lori la kweli rangi ya unene wa milimita 2,4. Mistari ya milango inajaa, boliti zinazama. Mjenzi hujifunza kwamba kila anachoongeza kinazidishwa kwa 24.

Nilijifunza hivyo kwa vumbi. Nilitaka lori langu lifanane na yale yanayopanga foleni kwenye barabara ya Kasumbalesa, nikachukua vumbi jekundu la kweli na kulichuja kwa kitambaa. Matokeo yalikuwa mabaya. Chembe ya nusu milimita katika 1/24 ni jiwe la milimita 12. Lori lilionekana limemwagiwa kokoto. Vumbi la kweli lilikuwa la uongo, na la kweli likapatikana kwa chaki ya rangi iliyosagwa kuwa unga laini.

Rangi pia ina sheria yake. Tairi likipakwa nyeusi tupu linaonekana kama shimo; wajenzi wengi hupaka kijivu cheusi. Na sasa ile namba ya gramu 108. Lori la kweli ni zito, na tairi lake linabonyea chini linapogusa ardhi. Makete ni nyepesi, na matairi yake yanabaki mviringo kamili, kama yanaelea. Kwa hiyo mjenzi hukwaruza kidogo sehemu ya chini ya tairi kwa tupa. Uzito haupatikani kwa kugawanya, unapatikana kwa kuuonyesha.

Ndiyo maana kazi hii humlazimisha mtu kwenda kutazama malori. Nilisimama kando ya barabara nikaona mambo ambayo nilikuwa nikipita mbele yake tangu utoto: ngazi ya kabini inayong'aa mahali pale pale mguu unapokanyaga, doa la mazuti chini ya kifuniko cha tangi, nusu duara safi kwenye kioo ambapo mashine ya kufuta mvua inafika. Kuongeza mambo madogo kwenye makete ni kuandika mambo hayo kwa brashi.

Gari la waya linasemaje?

Msomaji asidhani kwamba nalidharau gari la waya. Mtoto anayelitengeneza anapinda waya kuwa fremu, anakata magurudumu kutoka kwenye makopo au kandambili, kisha anaunganisha ekseli ya mbele na fimbo ndefu yenye usukani juu. Usukani huo ni mkubwa kuliko gurudumu la gari lenyewe. Kwa skeli ni kosa kubwa. Lakini mtoto anatembea wima, anazungusha usukani, na magurudumu ya mbele yanageuka kama ya gari la kweli. Makete yangu ina vitasa vya milimita 5, lakini haikati kona yoyote. Gari la waya ni aminifu kwa mwendo, makete ni aminifu kwa vipimo, na kila moja limeacha kitu ili lishike kingine.

Ka- inasema nini

Turudi kwa shangazi. Darasani tunajifunza kwamba Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa ki-/vi-: kigari, vigari. Kiswahili chetu cha Kongo hutumia ka-/tu-, ngeli za 12 na 13, ambazo zinaishi pia katika Kiluba na Kibemba: kamotokari, tumotokari. Kwenye mtihani tunaandika «udogo» na kupata alama.

Lakini ka- haipimi. Inaweza kubeba upendo, huruma, au dharau. Daniel Jurafsky, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu maana za udogo katika lugha nyingi, aliweka wazo la «mtoto» katikati ya maana hizo zote. Ndiyo sababu shangazi aliposema kamotokari, pamoja na ukubwa nilisikia mchezo wa watoto. Na sisi Wakongo tunajua jinsi kiambishi hiki kinavyoweza kufanya kitu kizito kionekane chepesi. Tangu vita vya 1996 na 1997, neno kadogo limekuwa jina la mtoto aliyebebeshwa bunduki. Hakuna udogo wowote katika jambo lile isipokuwa umri wake.

Skeli haina upendo wala dharau. Inasema tu: gawanya kwa 24. Kwa hiyo sipendekezi tuitupe ka- na kusema makete peke yake kila mahali. Napendekeza tutofautishe kazi mbili: kiambishi kinaeleza jinsi msemaji anavyokitazama kitu, na namba inaeleza uhusiano wa kitu hicho na kile cha kweli. Mwalimu wa ufundi, mchora ramani na mjenzi wa nyumba wanahitaji kazi zote mbili katika Kiswahili. Wakikosa namba, wanafunzi wao watafikiri kwamba mfano ni kitu chochote kilichopungua.

Lori langu limekwisha. Liko juu ya kabati, na vumbi la kweli limeanza kulifunika. Shangazi bado analiita kamotokari, lakini wageni wakiuliza sasa anaongeza mwenyewe: «Ni kamotokari ka moja juu ya makumi mbili na nne.» Upatanisho wa ngeli ni sahihi, na hesabu pia.