Mtoto anaponyamaza kalasini, mwalimu afanye nini?

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Baadaye maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi mitaani, na vita ikakimbiza familia, zingine hadi Burundi. Watoto wengi wamerudi masomoni, ila si wote waliorudi na moyo uleule.

Huzuni ya siku mbili tatu ni kawaida. Mwalimu ashituke ikidumu wiki mbili ao zaidi: mtoto aliyependa mpira anajitenga, anasinzia kalasini, hataki kula, ao anakasirika kwa neno dogo. Wengi huona hapo uvivu ao utundu, na fimbo inafuata. Lakini mtoto mwenye depresheni tayari anajiambia kwamba hana maana. Fimbo inamhakikishia hivyo.

Mwalimu si munganga. Kazi yake ni kuangalia, kusikiliza na kuunganisha.

Kuangalia si rahisi. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na kalasi nyingi zimejaa. Daftari linasaidia: kila wiki aandike majina ya watoto waliobadilika.

Kusikiliza kunaomba dakika tano, pembeni, mahali wengine wanawaona lakini hawawasikii. «Naona siku hizi hauchezi na wenzako. Iko nini?» Akinyamaza, asilazimishwe kueleza aliyoyaona vitani. Asiambiwe pia kwamba mwanaume halii. Apewe kazi ndogo atakayoiweza, kama kufuta ubao, na akae karibu na rafiki.

Kuunganisha ni kuongea na mzazi ao anayemlea, kumujulisha direkta, kisha kumtuma mtoto kwenye kituo cha afya. Kama hatari iko nyumbani kwenyewe, atafutwe kwanza mtu mzima mwingine ambaye mtoto anamwamini.

Na mtoto akisema amechoka kuishi? Mwalimu amuulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandii wazo hilo. Linamfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, na asindikizwe kwa munganga siku ileile. Siri ya namna hiyo mwalimu asiahidi kuitunza.