Kikohozi kisichoisha: mweleze daktari kazi uliyofanya

Je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Nenda kituo cha afya upimwe makohozi, kwani huenda ni kifua kikuu. Lakini ufanye nini ikiwa majibu yanaonyesha huna kifua kikuu, na bado unakosa pumzi?

Usikae nyumbani. Rudi kituoni. Yapo magonjwa yanayotia makovu kwenye nyama laini ya mapafu inayopitisha hewa kwenda kwenye damu. Mapafu hukakamaa, na mtu huhema hata kwa kazi ndogo. Mojawapo ni silikosisi, inayoletwa na vumbi la mawe. Wapo kati yenu waliochimba dhahabu huko Kivu na Ituri, na wengine walioponda kokoto. Ugonjwa huu huweza kujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, hata kama uliacha kazi hiyo.

DALILI
- Kikohozi cha muda mrefu.
- Kuhema unapopanda kilima au kubeba ndoo ya maji, kazi uliyoiweza zamani.
- Kuchoka na kupungua uzito.
- Kwa baadhi ya wagonjwa, ncha za vidole hunenepa na kucha hupinda.

Ukihema hata ukiwa umekaa, au midomo ikibadilika kuwa ya bluu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

UNAVYOPIMWA
Daktari atasikiliza kifua na mgongo, atapima oksijeni kwa kifaa kinachobanwa kidoleni, na ataagiza picha ya eksirei. Ukiwa umepumzika, oksijeni inaweza kuonekana nzuri. Mwambie kama unahema ukitembea, ili akupime tena baada ya kutembea. Mtajie kazi zote ulizofanya na miaka uliyozifanya. Asipojua habari ya vumbi, makovu kwenye picha yanaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu, ukameza dawa bure kwa miezi.

KUMBUKA
Silikosisi haiambukizi, wala si kurogwa. Makovu hayafutiki, lakini ukiepuka vumbi, sigara na moshi unalinda sehemu iliyobaki. Anayeponda mawe ayaloweshe kwanza. Kitambaa puani hakitoshi.

Mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Ukipata homa, jasho la usiku au ukikohoa damu, pimwa tena, hata kama majibu ya zamani yalikuwa mazuri.